Drow, zimwi na adhabu ya levo: bei ni halali au tunapigwa?

Chano_la_Dadu (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Meza yetu ni ya watu 5, Sinza, kila Jumamosi jioni. Tunacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), toleo la 3.5, lile la 2003. Kabla hamjaniuliza kwa nini tumeng'ang'ania toleo la kale: kanuni zake za msingi ziliachiwa wazi, zipo bure mtandaoni, na hapa hakuna mwenye dola hamsini za kitabu kipya.

Kampeni mpya inaanzia levo ya 3, mchezeshaji ni mimi. Kuna dogo mmoja kaniletea karatasi ya mhusika wake, mchawi wa drow, wale elfi weusi wa chini ya ardhi, viumbe wa hadithi wanaofanana na watu. (Mezani tunasema "mchawi" bila kupepesa macho. Mama mwenye nyumba alipita siku moja akasikia "mchawi wetu amefika levo ya nne", hajanisalimia vizuri tangu siku hiyo.) Mwingine anataka zimwi. Zimwi mzima mzima, futi tisa, na rungu lake.

Kwa wasiojua toleo hili: jamii zenye nguvu kupita kiasi zinalipiwa kwa levo. Inaitwa LA (Level Adjustment, yaani nyongeza ya levo). Drow ana LA +2, kwa hiyo ukimwingiza kwenye kikosi cha levo ya 3, yeye anakuwa mchawi wa levo ya 1 tu, zile mbili zimeliwa na damu yake. Tiefling (mwenye damu ya kishetani) na aasimar (mwenye damu ya kimalaika) ni +1, nusu-joka +3, nusu-shetani +4. Zimwi ni habari nyingine kabisa: ana LA +2 na juu yake levo 4 za kizimwi ambazo lazima azibebe, jumla 6 kabla hajajifunza hata kushika upanga. Huyo nimemwambia asubiri.

Ila huyu dogo wa drow ananisumbua akili. Nimepiga hesabu usiku kucha na naona bei aliyotozwa ni ya kitapeli. Drow anapata +2 ya wepesi, +2 ya akili, +2 ya haiba, anapoteza 2 za afya, anaona gizani futi 120, ana ukinzani wa uchawi, na vijiuchawi vitatu vya mara moja kwa siku. Kwenye karatasi ni mfalme. Sasa mpeleke uwanjani.

Mchawi binadamu wa levo ya 3 mwenye afya 12 ana HP (pointi za uhai) kama 12. Drow aliyepanga alama zilezile afya yake inashuka hadi 10, na kwa kuwa ni levo ya 1 ana HP 4. Nne! Zimwi la kawaida, ambalo kitabu kinasema ni adui wa saizi ya kikosi cha levo ya 3, linapiga rungu 2d8+7 (dadu mbili za pande nane, ongeza 7). Pigo dogo kabisa ni 9: drow yuko chini, -5, anavuja damu. Pigo la wastani ni 16: drow yuko -12, na kwenye toleo hili -10 ni kaburi. Binadamu akila pigo hilohilo la 16 yuko -4, kuhani anamuwahi.

Yaani nimuue mtoto wa watu kikao cha kwanza kwa sababu alipenda nywele nyeupe? Naombeni mawazo.

---

bibi_wa_hesabu

Hesabu yako iko sawa, ila umeishia njiani. HP ni nusu ya msiba. Nusu nyingine ni kwamba mchawi anakula kwa levo. Binadamu anapata mpira wa moto kikosi kikiwa levo ya 5. Drow wako ataupata kikosi kikiwa cha 7, wakati mwenzake ameshahamia kwenye uchawi wa daraja la nne. Kikosi kikifika cha 9, binadamu anawasafirisha wote kwa kufumba na kufumbua, drow bado anasoma. Na alicholipwa ni nini? Akili +2, ambayo kwenye dadu ni alama moja ya ugumu wa kukwepa uchawi wake. Levo mbili kwa alama moja.

Kosa la LA liko hapo. Inachukulia levo kama shilingi, kwamba yangu na yako zina thamani moja. Levo ya mchawi ni dhahabu, ya mpiganaji ni shaba, na karani anawakata wote kwa idadi.

---

Kipanga_254

Huyo drow anabebwa sana na hiyo ukinzani wa uchawi kwa karatasi, wacha niwaambie vile ilitufanyia huku Nairobi.

Tulikuwa na drow mpiganaji. Kikosi levo ya 7, yeye mpiganaji wa 5, ukinzani 16. Tukakutana na manyigu makubwa, akaanguka -8. Kuhani wetu akakimbia, akamwekea mkono, akasema namponya. Mchezeshaji akauliza kwa upole tu: "Umerusha dadu ya ukinzani?" Sisi wote: ati nini?

Nendeni msome. Uponyaji nao ni uchawi, na ukinzani hauchagui. Kuuteremsha kwa hiari ni kitendo cha kawaida (standard action), na mtu aliyezimia hawezi kutenda kitu. Kwa hivyo kuhani wa levo ya 7 lazima arushe pande 20, aongeze 7, afikishe 16. Yaani akipata 8 kushuka chini, dawa imekataa kuingia. Hiyo ni asilimia 40.

Akarusha 3. Raundi iliyofuata akarusha 6. Drow wetu alikufa akiwa ameshikwa mkono na kuhani mwenye uponyaji mzima mzima kwenye begi. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini jamaa mwenyewe hakucheka.

---

Chano_la_Dadu

@Kipanga_254 aisee. Hii sikuijua, na nimechezesha miaka minne. Kumbe tumekuwa tukiwaponya drow kiharamu.

---

Mzee wa Pande Nane

Vijana, mnalalamika kwa sababu hamkuona tulikotoka. Mimi nimeanza na vijitabu vya D&D vya 1981, nilivyoachiwa na mtu aliyekuwa akifundisha Mwanza. Humo "elfi" si jamii, ni kazi yenyewe. Unakuwa elfi kama vile mtu anavyokuwa fundi seremala. Anapigana na anafanya uchawi vyote kwa pamoja, na bei yake ilikuwa namna mbili: kwenda levo ya 2 anahitaji pointi za uzoefu 4,000 wakati mpiganaji anahitaji 2,000, kisha akifika levo ya 10 anagonga dari. Basi. Mbilikimo dari lake 12, hobi (halfling, wale watu wafupi) 8. Binadamu anaendelea.

Dari hilo lilikuwa dhuluma ya kipekee, maana kampeni nyingi hufa kabla ya levo ya 10. Kwa hiyo elfi alikula raha bure miaka yote, na deni likaja siku ambayo haikuwahi kufika. Walipoondoa madari mwaka 2000 kwenye toleo la tatu, wakageuza kibao: sasa unalipa mwanzoni, raha utaiona mbele ukijaliwa kuishi. Ni dhuluma ileile, wamebadilisha tarehe ya malipo tu.

---

bibi_wa_hesabu

Mzee umenena. Na tarehe ya malipo ndiyo kila kitu. Mfano mzuri ni nusu-joka, LA +3. Anapuliza moto mara moja kwa siku, 6d8, wastani 27. Kikosi kikiwa levo ya 4, hiyo 27 inafuta chumba kizima. Kikosi kikiwa cha 15, ni kama kumpulizia mtu chai ipoe. Lakini zile levo 3 bado anadaiwa hadi kifo. Amenunua kitu kinachochakaa kwa deni lisilopungua.

Ila nguvu +8 za nusu-joka hazichakai, ndiyo maana wapiganaji bado wanampenda, na mimi siwalaumu.

---

ZimwiLaSinza

Mimi ndiye mwenye ombi la zimwi. Nashukuru kwa kunitangaza, mchezeshaji wangu mpendwa.

Naomba mtu anipigie hesabu ya haki. Kwa macho yangu zimwi halina hasara. Nguvu +10, ngozi ngumu +5, mkono unafika futi 10. Wahenga walishasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, sasa si bora lile liwe upande wenu?

---

bibi_wa_hesabu

@ZimwiLaSinza kaa chini tuhesabu. Kikosi levo ya 8. Wewe: levo 4 za kizimwi, LA 2, mpiganaji wa 2. Mwenzako: binadamu mpiganaji wa 8. Wote mlianza na nguvu 16, wote mna panga la mikono miwili.

Kulenga: levo zako za kizimwi zinakupa +3 tu, mpiganaji +2, jumla 5. Nguvu yako imefika 27, hiyo ni +8. Toa 1 kwa ukubwa wa mwili. Jumla +12. Binadamu: +8 ya kazi, nguvu 18 ni +4. Jumla +12. Mko sawasawa! Isipokuwa yeye ana pigo la pili la +7 na wewe huna.

Madhara: panga lako kubwa 3d6+12, wastani 22 na nusu. La kwake 2d6+6, wastani 13. Kwa pigo mojamoja wewe ni balaa. Akipata yote mawili anakupita kidogo, 26.

HP, hapa ndipo utalia: afya yenu ilianza 14, yako ikapanda hadi 18. Pamoja na hayo wewe una kama 56, yeye kama 64. Zimwi la futi tisa lina uhai mdogo kuliko binadamu, kwa sababu LA haikupi dadu ya HP hata moja. Ni levo hewa.

Vipaji maalumu: wewe 5, yeye 9.

Kwa hiyo zimwi si tapeli wala si mtapeliwa. Unapata ule urefu wa mkono, ambao kwa maoni yangu una thamani kuliko hiyo nguvu yote, na ule uchawi wa kumgandisha mtu haukushiki kwa kuwa wewe si mtu kwa hesabu za kitabu. Mpiganaji anaweza kuishi na deni hili. Mchawi hawezi.

---

ZimwiLaSinza

56?? Mbona kitabuni kuna picha ya kutisha hivyo.

---

mgeni_njia

Samahani kuingilia. Mimi nimecheza Baldur's Gate 3 tu kwenye kompyuta. Mbona kule drow, tiefling, githyanki wote unachagua na unaanza levo ya 1 kama kawaida? Sijawahi kuona hii adhabu.

---

Kipanga_254

@mgeni_njia BG3 ni ya 2023, inafuata toleo la tano, la 2014. Adhabu ya levo ilitupwa 2008 na toleo la nne, na haijarudi. Kama unataka kuionja, tafuta mchezo wa kompyuta wa Neverwinter Nights 2, wa 2006. Hapo drow anadaiwa levo 2 na gnome wa chini ya ardhi levo 3. Mimi nilicheza huyo gnome. Wenzangu walikuwa wanapanda levo mimi naangalia tu kama mtu amekosa matatu ya mwisho.

Na usifikirie toleo la tano limemaliza shida. Drow wao wakampa ugonjwa wa jua, akipigana mchana peupe alikuwa anarusha dadu mbili anachukua ndogo, mpaka walipouondoa 2024. Sawa. Lakini kampeni ikiwa ya mapangoni jua liko wapi? Halafu kuna wale watu-ndege aarakocra, walikuwa wanaruka futi 50 kutoka levo ya 1, mpaka walipopunguziwa 2022. Mchezeshaji amechora shimo lenye mikuki siku tatu, ndege anapita juu anasema habari za chini.

---

dada_wa_Minneapolis

Habari zenu, nawasoma kutoka Marekani. Huku tulijaribu njia ya tatu, naiweka hapa ili mtu asiirudie.

Mchezeshaji wetu alisema: sitaki LA, drow awe bure, lakini dunia itamlipisha. Kila mji watu wanamwogopa. Walinzi wanamsimamisha, wenye nyumba za wageni wanamfungia mlango. Kwenye maelezo ilisikika vizuri.

Kikao cha kwanza tukafukuzwa hotelini. Sisi SOTE. Drow alikuwa mmoja, lakini tuliolala kwenye matope tulikuwa wanne. Kikao cha pili nusu saa nzima ilikwenda kubembeleza mlinzi wa geti. Kikao cha tatu mchezeshaji mwenyewe alichoka, drow akavaa kofia, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza kitu. Kwa hiyo kwa vikao viwili bei ililipwa na watu wasiohusika, halafu haikulipwa na mtu yeyote. Nguvu zake aliendelea nazo mpaka mwisho.

Na niseme ukweli, mimi kama mtu mweusi pekee mezani, ile nusu saa ya getini sikuifurahia. Nilikuwa nimetoka kazini, nilitaka kupiga majoka.

---

Mzee wa Pande Nane

@dada_wa_Minneapolis pole, mwanangu.

Mimi pia nasema uadui wa watu wa mjini ni hadithi. Ukiutaka kwenye hadithi uweke, ila usiuandike kwenye daftari la malipo.

---

Chano_la_Dadu

Sawa wakuu. Dada, pole sana, na hilo nimelichukua, njia hiyo naifuta. Sasa kuna kanuni ya kulipa deni likaisha, ipo kwenye Unearthed Arcana, kitabu cha kanuni za hiari cha 2004. Nani ameitumia?

---

bibi_wa_hesabu

Mimi. Nzuri, ila soma masharti. Levo za kazi zikifika mara tatu ya LA, unaruhusiwa kupunguza LA kwa moja. Drow mwenye +2 anasubiri mpaka awe mchawi wa 6, kikosi kiko 8. Analipa levo yake ya jumla toa moja, mara elfu: pointi 7,000. Alikuwa nazo 28,000, anabaki na 21,000, anahesabiwa wa 7. Akifika mchawi wa 9 analipa tena 9,000 na deni limekwisha. Jumla 16,000. Na kwa kuwa toleo la 3.5 linampa pointi nyingi zaidi aliye chini ya wenzake, anawakaribia polepole.

Bei ya haki kabisa. Shida yake kwa dogo wako unaijua: lazima afike levo ya 6 akiwa hai, na kikao cha kwanza ana HP 4. Ni sawa na mkopo wenye riba nafuu kwa mtu atakayezikwa kesho.

---

mgeni_njia

Swali la kijinga labda. Huyo drow akiwa adui wa mchezeshaji, naye anapunguziwa levo mbili?

---

bibi_wa_hesabu

Si la kijinga hata kidogo, wengi hawalioni. Hapana. Adui drow anapimwa kwa levo zake kuongeza moja, si mbili. Sababu ni kwamba adui anaishi pambano moja. Giza lake la mara moja kwa siku analitumia mara moja, anakufa, kwisha. Mchezaji anaamka nalo kila asubuhi mwaka mzima. Ukitaka kuona tofauti ilivyo kubwa, mtazame piksi, kiumbe kidogo chenye mabawa: LA +4, maana haonekani MUDA WOTE, hata akipiga. Kama adui ni kero ya jioni moja. Kama mwizi wa kikosi chako, anamchoma kila mtu mgongoni kila raundi kwa miaka miwili.

Kwa hiyo waliopanga LA hawakuwa wajinga. Walikuwa wanapima kitu halisi. Walichokosea ni kukata kwenye levo.

---

Mzee wa Pande Nane

Na toleo la pili la Pathfinder, mchezo ndugu wa D&D, 2019, wakaona waikate damu yenyewe vipande. Unazaliwa na kidogo, kingine unakipokea levo ya 5, kingine ya 9, 13, 17. Hakuna deni, unakua na asili yako. Mimi siichezi, macho yangu hayataki kitabu kinene hivyo, lakini wazo ni la watu wazima.

---

Chano_la_Dadu

Basi hilo la Mzee nalibeba nalileta kwenye 3.5. Uamuzi wangu, mnirekebishe:

Drow anaanza bila LA. Anabaki na alama zake za mwili na akili na macho ya gizani, na jua linamuumiza kama kitabu kinavyosema. Vijiuchawi vitatu na ukinzani vinatoka. Akifika levo ya 3 anaweza kutumia kipaji maalumu kimoja kuvirudisha vile vitatu. Akifika ya 9, kipaji kingine kwa ukinzani, na hapo namwonyesha posti ya @Kipanga_254 kwanza kabla hajasaini.

Zimwi anasubiri tufike levo ya 5, na namkata LA moja. Atakuja na levo zake nne za kizimwi na deni la moja. Ile nyingine sioni ananunua nini.

---

bibi_wa_hesabu

Drow wako bado ni mzuri kidogo kuliko binadamu. +2 tatu dhidi ya -2 moja. Lakini kwa HP alizonazo, mwachie.

---

ZimwiLaSinza

Nimekubali. Ila nitakuwa nani mpaka levo ya 5?

---

Chano_la_Dadu

@ZimwiLaSinza binadamu. Ana HP nyingi, umesikia.

---

dogo_wa_nywele_nyeupe

Habari za humu. Nimetumiwa huu uzi na mtu. Kwa hiyo "mtoto wa watu" ni mimi.

Nimeusoma wote mara mbili, hasa ile ya kuhani na mkono. Bro, kumbe ulikuwa unajua nitakufa kikao cha kwanza na ukaniambia "karatasi nzuri"?

Nimebadilisha mawazo. Jumamosi nakuja na mbilikimo, mpiganaji, afya 18. Ile ya drow naichana.

---

Chano_la_Dadu

Usichane dogo. Njoo nayo. Umemwandikia historia kurasa mbili, dada yake, deni lake la damu, kila kitu, na nyie mna safari ya mapangoni mwezi ujao.

Upande wangu wa meza hana deni la levo.